Gharama ya maisha: mwanasiasa anapokuja kwetu, tumuulize nini?



Katika vikundi vyetu vya akiba na mikopo, katika mikutano ya wazazi shuleni na hata nje ya nyumba za ibada, mazungumzo hayachukui muda mrefu kabla ya kufika kwenye bei. Unga, sukari, mafuta ya taa, nauli, karo. Wanasiasa wanalijua jambo hili vizuri. Wale wa upinzani hasa, ambao hawana mradi wa kuzindua wala barabara ya kufungua, huja sokoni, mazishini na kwenye ibada wakitaja bei moja baada ya nyingine. Watu hupiga makofi kwa sababu wanayoyasikia ni kweli.

Hata hivyo, kusema kweli kuhusu bei na kujua namna ya kuishusha ni mambo mawili tofauti. Makala hii inatumia mfano wa Kenya kuanzia mwaka 2022, wakati bei ya unga ilipotoka jikoni ikaingia barabarani. Lengo letu si kusifu chama fulani wala kukilaumu kingine. Tunataka kusaidia vikundi na jamii zetu kuona kwamba kilio cha gharama ya maisha ni mali ya wananchi wenyewe. Mwanasiasa hukibeba kwa muda. Jamii ikijua bei inatoka wapi na inaamuliwa wapi, haitabaki mikono mitupu siku mwanasiasa huyo atakapobadili njia.

Yaliyotokea mwaka 2023

Baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi na Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi huo mwezi Septemba. Mpinzani wake, Raila Odinga wa muungano wa Azimio la Umoja, alikuwa amewania urais kwa mara ya tano. Yeye na wenzake hawakukubaliana na matokeo hayo.

Mwezi Januari 2023 Bw. Odinga alianza kufanya mikutano aliyoiita mabaraza ya wananchi, akianzia uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi. Mwezi Februari aliipa serikali makataa ya siku 14. Makataa yalipopita, aliitisha maandamano yaliyoanza Jumatatu tarehe 20 Machi 2023, na baadaye yakawa ya kila Jumatatu na Alhamisi. Waandamanaji wengi walibeba sufuria tupu, na wengine wakazivaa kichwani. Haikuhitajika hotuba kueleza maana yake. Kila mama aliyeziona alielewa.

Lakini inafaa tukumbuke kwamba madai ya Azimio hayakuwa ya bei peke yake. Yalikuwepo madai ya kufungua sava za uchaguzi wa 2022, ya namna ya kuunda upya tume ya uchaguzi, na ya kuzuia serikali kuingilia vyama vya upinzani. Hayo yanaweza kuwa madai halali ya kisiasa. Hata hivyo mwananchi aliyetoka nyumbani kwa sababu ya unga alijikuta amebeba mzigo wenye vitu vingi, na si vyote vilikuwa vyake.

Maandamano yalisitishwa mwanzoni mwa Aprili ili kuruhusu mazungumzo, yakarudi Julai. Gharama yake ilikuwa kubwa. Makumi ya watu walipoteza maisha, wengi kwa risasi, na mamia walikamatwa. Biashara ndogo ndogo zilifungwa au kuporwa. Huko Kibera, kanisa na msikiti vilichomwa moto. Tarehe 26 Julai 2023 upinzani uliacha kwenda barabarani siku hiyo, ukawaomba wafuasi wake wawashe mishumaa na kuwaombea waliouawa.

Kwa nini bei zilipanda?

Mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022, na mwezi Machi 2023, maandamano yalipoanza, ulikuwa asilimia 9.2. Paketi ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200 katikati ya mwaka 2022. Sababu zilikuwa nyingi, na ni vizuri kuzitenganisha katika mafungu matatu.

*Fungu la kwanza: mambo ambayo hakuna serikali ingeweza kuyazuia.* Maeneo ya kaskazini na mashariki ya Kenya yalikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea duniani kote. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na wakulima wengi wakapanda bila mbolea au wakapunguza shamba.

*Fungu la pili: mambo yaliyoiva kwa miaka mingi.* Nchi inapokuwa na madeni makubwa ya nje na inaagiza mafuta, ngano na mbolea kwa dola, thamani ya shilingi inakuwa jambo la jikoni. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilipatikana kwa shilingi 113 hivi. Kufikia Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160. Hata kama bei ya mafuta isingebadilika huko yanakotoka, hapa kwetu yangepanda tu.

*Fungu la tatu: mambo yaliyoamuliwa na viongozi.* Hapa ndipo mwananchi anapaswa kukazia macho. Mwezi Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilishusha unga hadi shilingi 100 kwa paketi ya kilo mbili kwa kuwalipa wasagaji tofauti. Mahali pengi unga huo haukuonekana madukani, mpango ulikoma baada ya muda mfupi, na wasagaji wakabaki wakidai fedha zao. Serikali mpya ilipoingia ilisema ni afadhali kutoa ruzuku kwa mkulima kuliko kwa mlaji. Mwezi Septemba 2022 iliondoa ruzuku ya petroli, na lita moja jijini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Wakati huo huo ilianza kuuza mbolea kwa shilingi 3,500 kwa mfuko, na Agosti 2023 ikashusha hadi 2,500. Nia ilikuwa njema, lakini mwaka 2024 mbolea bandia iligunduliwa ndani ya mpango huo huo, na wakulima waliokwisha kupanda wakapata hasara.

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, iliyotiwa saini tarehe 26 Juni 2023. Iliongeza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tarehe 1 Julai petroli jijini Nairobi ilipanda kwa zaidi ya shilingi 13 kwa siku moja, ikafika shilingi 195.53. Mwezi Oktoba mwaka huo ilifika 217.36.

Hesabu ya paketi moja ya unga

Watu wengi huuliza: kodi ya mafuta inahusiana vipi na ugali? Tufanye hesabu rahisi, ambayo kikundi chochote kinaweza kuirudia kwa bei za kwao.

Ili kupata kilo mbili za unga uliokobolewa, msagaji anahitaji mahindi kama kilo mbili na nusu, kwa sababu pumba na kiini huondolewa. Tuseme gunia la kilo 90 linauzwa shilingi 3,600. Hiyo ni shilingi 40 kwa kilo, kwa hiyo mahindi ya paketi moja ni shilingi 100. Gunia likipanda hadi shilingi 5,400, kilo inakuwa shilingi 60, na mahindi ya paketi hiyo hiyo yanakuwa shilingi 150. Hapo bado hatujahesabu umeme wa kinu, mfuko wa karatasi, mishahara, usafiri na faida za wauzaji njiani.

Sasa angalia mafuta yanapoingia. Trekta inalima kwa dizeli. Lori linabeba mahindi kutoka shambani hadi ghalani, kutoka ghalani hadi kinuni, na unga kutoka kinuni hadi dukani. Njiani lori linalipa ushuru wa mazao katika kaunti, mara nyingine zaidi ya moja. Sheria ya 2023 haikuhitaji kuutaja unga ili mlaji aisikie. Iliingia kupitia tangi la mafuta.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya bei ya unga ni bei ya mahindi, na bei ya mahindi hufuata mvua, mbolea na hifadhi ya mavuno. Ndiyo maana mvua iliporudi na mavuno yakawa mazuri, bei ya unga ilishuka. Hakuna chama kinachoweza kudai kwamba kilileta mvua hiyo. Pili, ipo sehemu nyingine inayotokana na kodi, ada, barabara mbovu na ghala zisizotosha. Sehemu hiyo huamuliwa na watu wenye majina na ofisi, na tarehe za maamuzi yao zinajulikana. Mwanasiasa mkweli atakuambia tofauti ya sehemu hizo mbili. Anayeahidi kushusha kila kitu ndani ya siku 100 hajakuambia.

Kilio kilifika wapi?

Mwezi Agosti 2023 pande mbili zilikaa mezani katika ukumbi wa Bomas. Kamati ya Kitaifa ya Mazungumzo iliongozwa kwa pamoja na Kalonzo Musyoka wa upinzani na Kimani Ichung'wah wa upande wa serikali. Gharama ya maisha ilikuwa mojawapo ya ajenda. Ripoti ilipotolewa mwezi Novemba, pande hizo zilikuwa zimekubaliana mambo kadhaa kuhusu uchaguzi na vyeo. Juu ya VAT ya mafuta hazikukubaliana, na kodi ikabaki asilimia 16. Mwezi Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara inayotozwa kwenye kila lita iliongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25.

Mwezi Juni 2024 vijana wasiokuwa na kiongozi mmoja wala chama walijitokeza kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ambao mwanzoni ulitaka kuutoza mkate VAT ya asilimia 16. Walikuwa wameusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni baadhi ya waandamanaji waliingia bungeni na wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais aliukataa mswada wote. Katika maandamano ya miezi hiyo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo visivyopungua 60.

Baadaye, mwezi Agosti 2024, baadhi ya viongozi wa chama cha Bw. Odinga waliapishwa kuwa mawaziri. John Mbadi alipewa Hazina ya Kitaifa, mahali kodi zinapopangwa. Opiyo Wandayi alipewa Kawi na Petroli. Tarehe 7 Machi 2025 Bw. Odinga mwenyewe alitia saini mkataba wa ushirikiano na Rais Ruto. Alifariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025.

Wapo wanaosema huo ulikuwa usaliti, na wapo wanaosema ulikuwa uzalendo wa kutuliza nchi. Kila msomaji ana maoni yake. Kwetu sisi tunaofanya kazi na jamii, funzo ni moja: katika muda usiofika miaka miwili, watu wa upande uliobeba sufuria barabarani walikaa katika ofisi mbili zenye sauti kubwa juu ya bei ya mafuta. Je, mwananchi aliyeandamana alikuwa na orodha ya kuwauliza? Au madai yake yalikuwa yamehifadhiwa katika kichwa cha kiongozi peke yake?

Milango iliyo wazi kwa mwananchi

Katiba ya Kenya ya 2010 haimwachi mwananchi asubiri miaka mitano. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi bungeni. Na kifungu cha 201 kinataka fedha za umma ziamuliwe kwa uwazi na kwa kushirikisha wananchi.

Haki hizi zina kalenda. Kikundi kinaweza kuibandika ukutani:

- *Tarehe 14 ya kila mwezi:* mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta za mwezi unaofuata.
- *Kufikia 15 Februari:* Hazina ya Kitaifa hupeleka bungeni sera ya bajeti. Kufikia 28 Februari, kaunti hupeleka mwongozo wake wa matumizi kwenye bunge la kaunti.
- *Kufikia 30 Aprili:* makadirio ya bajeti na Mswada wa Fedha hupelekwa bungeni. Baada ya hapo kamati ya Bunge hutangaza kupokea maoni.
- *Mei na Juni:* ndio wakati wa kuandika. Baada ya 30 Juni mlango wa mwaka huo umefungwa.
- *Kufikia 1 Septemba:* kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapa ndipo pa kudai ghala, mashine ya kukaushia mahindi au barabara ya kwenda sokoni.

Maoni si lazima yaandikwe na wakili. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: sisi ni nani, kifungu gani kinatuhusu, kitatuumiza vipi, tunapendekeza nini. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwani Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Wala tusidhani barua hizo ni kazi bure. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba, na suala la kuwashirikisha wananchi lilikuwa kiini cha hukumu hiyo. Ni kweli Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo mwezi Oktoba. Lakini kesi nzima ilionyesha kwamba maoni yaliyoandikwa na kupokelewa yana uzito mbele ya majaji. Manung'uniko ya sokoni hayana kumbukumbu.

Mwanasiasa anapokuja

Mgeni hupokewa kwa heshima, awe wa serikali au wa upinzani. Lakini heshima haizuii maswali. Tunapendekeza viongozi wa vikundi na wa dini wajiandae hivi:

1. *Andikeni bei zenu.* Kila mwezi, mtu mmoja aandike bei ya vitu kumi katika soko lile lile: unga, maharagwe, sukari, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, nauli na kadhalika. Daftari la mwaka mmoja lina nguvu kuliko hotuba.
2. *Ulizeni kodi ipi.* Akisema serikali inatoza kodi nyingi, mwombeni ataje ni ipi, ataipunguza kwa kiasi gani, na pengo la fedha litazibwa na nini.
3. *Ulizeni alivyopiga kura.* Kama ni mbunge, alisimama upande gani Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura? Alikuwepo siku hiyo?
4. *Ulizeni kuhusu kaunti.* Ada za soko na ushuru wa mazao huamuliwa karibu nasi. Wapinzani katika serikali kuu mara nyingi ndio watawala katika kaunti.
5. *Tenganisheni madai.* Anapowaalika kuandamana, muulizeni madai yote ni yapi, na ni nani atakayewasaidia wakikamatwa au kuumia.
6. *Andikeni ahadi.* Tarehe, mahali, maneno aliyosema. Someni daftari hilo mbele yake atakaporudi.

Kuhusu nyumba za ibada, makanisa kadhaa yamekwisha kuchukua msimamo. Mwezi Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana la Kenya lilitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu madhabahuni. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi alikataa michango ambayo Rais Ruto alikuwa ameitoa katika parokia ya Soweto. Michango ya namna hiyo hutolewa na wa serikali na wa upinzani pia. Mlezi wa jamii aliyepokea bahasha Jumapili hupata shida kuuliza swali Jumatatu. Mahali pazuri pa kumsikiliza mwanasiasa ni ukumbini au chini ya mti, watu wote wakiwa na nafasi ya kuuliza.

Maisha yakiwa magumu, ni rahisi kumtafuta mtu mmoja atubebee mzigo wote. Lakini viongozi huhama, huungana, huzeeka na kufa. Daftari la kikundi hubaki. Mwezi ujao kikundi chako kikutane, kianze na ukurasa wa kwanza: tarehe ya leo, na bei ya unga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni vitu gani vitatu vilivyopanda bei zaidi katika eneo letu mwaka huu? Kwa kila kimoja, ni sehemu gani inatokana na hali ya hewa au soko la dunia, na ni sehemu gani inatokana na uamuzi wa viongozi?
- Soko letu linatoza ada gani, na fedha hizo zinatumika wapi? Nani anaweza kutujibu?
- Mwanasiasa wa mwisho kututembelea aliahidi nini kuhusu bei? Kuna aliyeandika?
- Nani miongoni mwetu ataandika barua ya maoni Mswada wa Fedha ujao utakapotangazwa, na nani ataipeleka?